Kufundisha kilimo cha usahihi chuoni: tepu na ndoo kwanza, droni baadaye

Walimu wenzangu wa vyuo vya kilimo, mkifundisha kilimo cha usahihi, yani kuhudumia kila kipande cha shamba kwa vipimo vyake, naombeni msianze na droni, vijana wataipenda sana ila hawatajua ile picha inawaambia nini.

Wiki za mwanzo tumieni simu zao wenyewe. Wazunguke mpaka wa shamba na app ya kupima eneo, alafu shamba lilelile walipime kwa tepu. Jipiesi ya simu hukosea kama mita 5 hivi mahali pa wazi, chini ya miti inazidi, kwenye eka 10 hainaga shida ila kwenye robo eka utofauti unaonekana kabisa. Usiwaambie kabla, waache walinganishe.

Udongo ndo pa kukaa muda mrefu. Gawa shamba kwa rangi ya udongo, mteremko na kilichokuwa kimelimwa, kila kipande wachimbe sehemu 10 mpaka 15 kwa zigizaga, kina sentimita 20, wakwepe vichuguu, njia na palipokuwa na zizi, wachanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, wachukue nusu kilo waanike kivulini na lebo iandikwe palepale shambani, maana lebo zikichanganyika majibu ya maabara hayana kazi tena.

Kwa setilaiti, picha za Sentinel-2 ni bure, zinakuja kila siku 5, na programu ya QGIS ya kuzifungulia nayo bure. Pikseli moja, yani kijumba kimoja cha picha, ni mita 10 kwa 10, yani robo eka ina pikseli kama 10 tu na za pembeni zimeingiliana na shamba la jirani, kwa hiyo tumieni shamba kubwa la chuo. Wakiona doa hafifu waende kwa miguu wang'oe mmea waangalie mizizi. Inaweza kuwa upungufu wa naitrojeni, maji yaliyotuama au kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi, na vimaua vyake vya zambarau, na kwenye ramani vyote vinafanana! Asiyefika kwenye doa asiandike ushauri wa mbolea, mimi hapo silegezi.

Bomba la mgongoni la kupulizia dawa nalo lipimwe. Mwanafunzi ajaze maji matupu mpaka alama, apulizie mita 10 kwa 10 kwa mwendo wake wa kawaida, arudishie maji kwa jagi la vipimo, lita alizorudishia mara 40 ndo lita za eka. Kila mwanafunzi apime lake maana mwendo haulingani, na nozeli ikibadilishwa mnapima upya.

Droni ije baada ya hapo, ila kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kifuatilieni tangu muhula unaanza.