SOMO: Namna ya kutazama video za Go (mchezo wa ubao wa kete nyeusi na nyeupe) ukatoka na kitu, na namna ya kuzijadili

Wakuu habari za jioni. Kila nikifungua simu nakuta "naangalia sana video za Go ila sipandi kiwango, nifanyeje", basi leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nampa hii.

1. Sheria kwanza. Nyeusi inaanza, kete ikizibwa pumzi zote (makutano matupu yanayoigusa) inatolewa, mwenye eneo kubwa anashinda.

2. Shusha 360p. Kete ni nyeusi na nyeupe tu, usimalize bando.

3. Chukua mechi yenye mchambuzi anayeongea. Ya kuanzia ni mechi ya pili ya Lee Sedol, bingwa wa Korea, na AlphaGo, programu ya kompyuta, Seoul, Machi 2016, kwa uchambuzi wa Michael Redmond, Mmarekani mwenye dani 9 ambayo ndo ngazi ya juu kabisa.

4. SIMAMISHA VIDEO. Hapa someni taratibu. Ukimsikiliza mchambuzi mfululizo kila hatua inaonekana rahisi, unaitikia tu ndiyo ndiyo, kesho ukikaa kwenye ubao huna hata wazo moja la kwako. Kwa hiyo kabla kete haijawekwa simamisha, tafuta wewe ungeweka wapi, ANDIKA kwenye daftari pamoja na sababu hata ya neno moja, "nakata", "nalinda kona", ndo uiachie iendelee. Sio kila kete, utachoka, chagua pale mchezaji anapofikiri muda mrefu. Onyo: ule mstari wa asilimia za kompyuta za nani atashinda uzibe, bandika karatasi kwenye skrini ikibidi, maana ukishaona nyeupe ana 62% akili inaacha kutafuta. Onyo jingine: usihesabu umepatia ngapi. Hatua ya 37 ya mechi hiyo AlphaGo iliweka kete mstari wa 5 kutoka pembeni, Redmond mwenyewe ilimshangaza, na kwa hesabu za programu yenyewe uwezekano wa binadamu kuicheza ulikuwa 1 kati ya 10,000. Unachotafuta ni sababu yako imeachana wapi na sababu yao, hicho ndo cha kuleta kwenye mjadala.

5. Ukijadili taja dakika ya video na makutano ya mistari. "Ile ya kona ya juu" haitusaidii, kona za juu ziko mbili. Chini kuna herufi A mpaka T, pembeni namba 1 mpaka 19, na mtu wa Ngamiani hapa Tanga anayeelekeza wageni kwa namba za barabara hawezi kushindwa kusema Q16.

MASWALI

Mdau wa Makorora: Mkuu nianze na video gani?
— Namba 3. Soma.

Mdau wa Raskazone: Nimehesabu, A mpaka S zinatimia 19. Hiyo T imetokea wapi?
— Safi sana kaka, umehesabu kweli. Herufi I inarukwa ili isichanganywe na J. Ukiisahau, kila hatua baada ya H inahama nafasi moja na watu mnabishana bure. Ukikuta video ya Kijapani yenye namba pande zote mbili, hizo za pembeni zinahesabiwa kuanzia juu.

Mdau wa Makorora: Mi kusimamisha naona ni kupoteza muda, natazama kwa spidi 2 na naelewa vizuri tu.
— Video uliyotazama jana, taja hatua moja na sababu yake bila kuifungua.

Dada wa Chumbageni: Samahani kaka, kuna mechi nimehesabu mwenyewe, nyeusi ana eneo kubwa kidogo lakini wametangaza nyeupe kashinda. Wamekosea?
— Hawajakosea dada, na kuhesabu mwenyewe ni jambo zuri mno, endelea hivyohivyo. Nyeusi anafaidika kwa kuanza, kwa hiyo nyeupe anapewa fidia inaitwa komi, pointi 6.5 Japani na Korea, 7.5 China. Ile nusu inazuia sare. Angalia wanatumia kanuni za wapi, sio mechi inachezewa wapi, maana ile mechi ya Seoul ilikuwa kwa kanuni za China, 7.5.

Mzee wa Pangani: Vijana, mimi na wajukuu tumechora ubao wa 9 kwa 9 juu ya boksi, nyeupe maharage, nyeusi kokwa za ukwaju. Video ikisimama tunapanga kona inayopiganiwa.
— Shikamoo mzee. Hilo ni bora kuliko daftari langu, kona moja ya ubao mkubwa inaenea humo vizuri.

Dada wa Chumbageni: Kokwa ngapi mzee?
Mzee wa Pangani: Makutano ni 81, weka nyeusi 41 na nyeupe 40. Ukwaju uoshe kwanza ukauke, la sivyo unanata kwenye boksi.