Vifaa vya karakana vinashika kutu hata kama hakujanyesha

Mafundi wenzangu, wengi wetu tukiona kutu tunakimbilia kuziba mabati. Mimi nilifanya hivyo, nikaziba kila tundu kwa banda langu huku Kariobangi, halafu ikafika Julai, mwezi wenye Nairobi haipati mvua ya maana, randa ikashika kutu ikiwa ndani ya sanduku. Kumbe shida ni baridi. Usiku chuma kinapoa kabisa, asubuhi unafungua, unachemsha chai humo ndani, ile hewa ya joto yenye unyevu ikigusa chuma baridi inageuka maji, kama tu yale matone hudondoka kutoka kwa mabati alfajiri.

Kwa hivyo kazi inafanywa jioni kabla ufunge. Kwanza pangusa vumbi la mbao, hasa kama umekuwa ukipasua saiprasi mbichi, hilo vumbi linakaa na maji na ukiliacha juu ya msumeno kesho utakuta madoa. Futa pia pale uliposhika na mkono, jasho lina chumvi na chumvi inaharakisha kutu sana, ndio maana unaona alama za vidole kwa patasi. Halafu pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, yale ya kichupa kidogo, kidogo tu, ukimwaga mengi yanakusanya vumbi. Ya kupikia hapana, yanakauka yanakuwa kama gundi. Na oili chafu ya gari achana nayo hata ukipewa bure! Ina asidi na uchafu wa injini, na inaharibu ngozi, nimeona mafundi wazuri wakiipaka na mikono mitupu kila siku na inaniuma.

Tumbo la randa mimi nasugua mshumaa, linateleza vizuri na haliachi doa la mafuta kwa mbao, maana doa hilo vanishi haitashika. Tupa, ile ya kunolea msumeno, nayo usipake mafuta, itateleza na meno yatajaa uchafu. Isugue chaki na uitundike peke yake.

Usilaze kitu kwa sakafu ya simiti, inapitisha unyevu kutoka chini. Tundika ukutani kwa ubao. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, lakini kwa sanduku linalofunga vizuri tu, na vikishajaa unyevu havifanyi kitu.

Kama kutu imeshaingia, toa mpini wa mbao, loweka chuma kwa siki nyeupe usiku mmoja, usipitishe siku nzima kwa sababu siki itaanza kula chuma chenyewe. Spana za kromu usiloweke, hizo sugua polepole na mafuta ya taa. Asubuhi, kile chuma ulicholoweka kwa siki kipige brashi ya waya, suuza na maji yenye magadi kidogo ili asidi iishe nguvu, kisha kausha hapo hapo, kwa jua au karibu na jiko, na upake mafuta kikiwa bado na joto. Hapa ndipo watu wanaharibu, wanasuuza wanaenda kula lunch, wakirudi chuma kimegeuka rangi ya machungwa tena, kwa sababu kikiwa uchi na maji kinashika kutu haraka kuliko mwanzo.