Somo: Msamiati wa Kiingereza kupitia wimbo wa mabaharia

Wadau, wengi wenu mnakariri orodha ya maneno usiku, kukicha yameyeyuka. Mimi napendelea nyimbo za jadi. Ni fupi, kiitikio hakibadiliki, na maneno yake mengi ni ya vitu vya kushikika: kamba, wembe, mashua, tumbo. Nyingi za redioni zimejaa misimu ambayo mwakani haitumiki.

Leo tuna "What Shall We Do with the Drunken Sailor", wimbo wa kazi ulioimbwa kwenye meli za Uingereza na Marekani tangu miaka ya 1830. Mabaharia walijipanga kwenye kamba wakaivuta huku wakitembea sitahani, na vishindo vya miguu ndiyo ngoma yenyewe. Aliyewahi kuona watu wa jahazi wakipandisha foromali, yaani mti unaobeba tanga, kwa wimbo anajua ninachosema.

Hatua ya 1. Sikiliza bila kusoma, kisha andika unachosikia, hata kwa tahajia ya Kiswahili: "wotshalwidu". Usione aibu.

Hatua ya 2. Fungua maneno ya wimbo, ulinganishe. Pigia mstari palipokupita. Hapo ndipo pa kusoma. Penginepo unapajua tayari.

Hatua ya 3. Hapa msikimbie. Usichukue neno moja moja, chukua kifungu. Kuna ubeti unasema "Shave his belly with a rusty razor", mnyoeni tumbo kwa wembe wenye kutu. Daftarini andika "a rusty razor" kama kilivyo. Halafu badili upande mmoja: "a rusty nail", "a rusty knife", "a rusty gate". Kisha ule wa pili: "a sharp razor". Na "belly" ni tumbo la maongezi ya kawaida. Kwa daktari sema "stomach".

Ubeti mwingine: "Put him in the longboat till he's sober". "Longboat" ni mashua kubwa inayobebwa na meli, lipite tu, hutalihitaji sokoni wala ofisini. Shika "sober", yaani pombe imemtoka, na zaidi shika "till he's". Sisi tunasema "mpaka atakapokuja", ndiyo maana wengi huandika "till he will come". Wimbo unakunyoosha bila kukutajia kanuni: baada ya "till", "will" haikai. "Wait here till he comes." Ukishauimba ubeti huu wiki nzima, sikio lenyewe litaikataa ile nyingine.

Angalia pia kuwa "drunken" hutangulia jina. Ukitumia "is", sema "he is drunk".

Hatua ya 4. Tunga wako. Kiunzi ni "Put him in the … till he's …". Kwa mfano, "Put him in the daladala till he's sorry". Kadiri unavyochekesha ndivyo unavyokaa.

Hatua ya 5. Baada ya siku chache imba bila karatasi, ujirekodi kwa simu. Utakapokwama, rudi hatua ya 3.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili. Mbona "early" wanaiimba "er-lai", na darasani ni "er-li"?*

Marahaba. Darasani wako sahihi. Waimbaji wengi huivuta vile kwa mbwembwe za kibaharia. Ifurahie, ila usiipeleke kwenye mtihani.

*"Up she rises": huyo "she" ni nani? Na mbona "up" imekuja mbele?*

Mabaharia wa Kiingereza huita chombo "she". "Up" kutangulia ni mpangilio wa wimbo. Kwenye insha andika "she rises".

*Ticha, nimekuta matoleo matatu, kila moja na beti zake. Lipi ndilo lenyewe?*

Yote. Mtunzi hajulikani, wimbo ulipita mdomo kwa mdomo, na kila meli iliongeza yake. Steve Roud, mkutubi wa Uingereza, aliziorodhesha nyimbo za jadi kwa namba, na huu ni namba 322. Chagua toleo moja, ukae nalo.

*Nafundisha darasa la nne. Mzazi akisikia watoto wanaimba habari za mlevi, si nitaitwa ofisini?*

Utaitwa kweli! Weka "sleepy", "lazy" au "hungry" mahali pa "drunken". Yote yana silabi mbili na mkazo uko mwanzoni, hivyo mdundo haupindi, "intelligent" haitaingia. "Sober" nayo iondoe, uweke "ready". Ubeti wa wembe uruke, kuna mwanafunzi atakayetaka kujaribu.