Oili ikivuja kwenye tabo, kagua kwanza bomba la kuirudisha

Ukiona oili imetapakaa kwenye injini yenye tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), usikimbilie Kisekka, soko la vipuri Kampala, kununua tabo nyingine. Osha injini kwanza, maana lile vumbi jekundu la kwetu likilowa oili huficha kila kitu. Ikikauka, iwashe dakika 15, kisha mulika tochi kuanzia juu. Oili hushuka na upepo huipeleka nyuma, kwa hiyo tone la chini halikuonyeshi chanzo.

Injini ikishapoa, fungua bomba la hewa linalotoka kwenye tabo. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Ikiwa imetuama, bado usiilaumu tabo: kagua bomba linalorudisha oili chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Likizibwa na oili iliyoganda, au likipindwa, oili hukosa njia na kupenya hata kwenye sili (kizuizi cha oili) isiyo na kasoro. Mpira wa kupumulia injini ukiziba, mambo ni yaleyale. Inaniuma sana kuona mtu amelipia tabo mbili kwa sababu ya bomba moja.

Mwisho shika shafti ya tabo kwa vidole. Ikicheza kidogo pembeni si neno. Ukihisi inasogea mbele na nyuma, au mapangaboi yanakwaruza ganda, hapo tabo imekwisha.