Jinsi ya kulinganisha madhara ya trakeostomi bila kudanganywa na asilimia

Ukimuuliza mtu ipi salama, trakeostomi (tundu la shingoni linalopitisha tyubu ya kupumulia hadi kwenye trakea, yaani bomba la hewa) ya kukata au ya kutanua, mara nyingi anakimbilia kwenye jedwali la utafiti, anatafuta jumla ya madhara, afu anachagua upande wenye namba ndogo. Usifanye hivo. Jumla hiyo imetia kapu moja damu iliyolowesha kitambaa cha kidonda na trakea iliyochanika ukuta wa nyuma.

Kwanza jua unalinganisha nini na nini. Ya kukata ni ile anayofungua daktari mpaka trakea anaiona kwa macho, ile aliyoinyoosha daktari Chevalier Jackson mwanzoni mwa karne ya 20. Ya kutanua inaanza na sindano, inapita waya, afu tundu linapanuliwa, na hapo ndo watu wanachanganya mambo kwa sababu zipo za aina nyingi. Daktari Ciaglia alieleza yake mwaka 1985 kwa dailata (vijiti vya kupanulia tundu) nyingi zinazoongezeka unene, Griggs 1990 akaleta koleo linalopita juu ya waya, baadaye ikaja dailata moja iliyochongoka, ya skrubu, ya puto, na ile ya Fantoni ambayo tyubu inatoka ndani kuja nje. Kila moja ina tabia zake. Dailata moja inajulikana kwa kuvunja gegedu za trakea, koleo nalo linategemea mkono wa mtu, ukilifungua kupita kiasi tundu linakuwa kubwa na damu inafuata. Kwa hiyo utafiti ukisema tu "ya kutanua", uliza ipi, na walitumia bronkoskopu (kamera ya kuangalia ndani ya njia ya hewa) au walikuwa wanabahatisha ndani.

Pili, panga madhara kwa muda. Chukua karatasi chora safu tatu: wakati wa kazi yenyewe (damu, oksijeni kushuka, tyubu kuingia njia ya uongo, hewa kujaa kifuani na kubana pafu), siku za mwanzo (kidonda kuoza, tyubu kuziba au kuchomoka), na baadaye kabisa (trakea kusinyaa, kulegea, tundu kati yake na umio). Mshipa mkubwa wa damu wa innominata, unaopita mbele ya trakea, kutoboka ni nadra sana, chini ya asilimia 1, ila unaua, na mara nyingi unatokea ndani ya wiki tatu za mwanzo, kwa hiyo damu kidogo inayokuja ghafla siku ya kumi usiipuuze ukasema ni ya saksheni (kunyonya makohozi).

Hii ya tyubu kuchomoka nikae nayo kidogo maana jedwali haliielezi vizuri. Siku ya tatu mgonjwa anageuzwa, tyubu inatoka. Kama ilikuwa ya kukata na daktari aliacha nyuzi kwenye trakea, unavuta nyuzi, trakea inapanda mpaka kwenye kidonda, unarudisha. Kama ilikuwa ya kutanua nyama zinajifunga haraka sana, njia inahitaji siku 7 hadi 10 kukomaa, na ukiisukuma tyubu kwa nguvu inaingia kwenye nyama mbele ya trakea, unapampu hewa na shingo inavimba, ukigusa inachakacha. Hapo mpe oksijeni usoni na kwenye tundu, na kama haiwi sawa pitishia tyubu mdomoni. Kwenye karatasi pande zote zimeandikwa "kuchomoka 1", kumbe hatari si sawa hata kidogo.

Tatu angalia wagonjwa waliingiaje. Mwenye shingo fupi nene, damu isiyoganda, au aliyewahi kupasuliwa shingo mara nyingi anapelekwa kwenye ya kukata, afu watu wanashangaa upande huo una damu nyingi! Kama hawakugawanywa kwa bahati nasibu, namba hizo zinakwambia wagonjwa walikuwaje zaidi ya njia ilikuwaje.

Mapitio ya Cochrane (shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba) ya 2016 yalikuta maambukizi ya kidonda ni machache kwenye ya kutanua, na kovu baya pia, na mimi naona inaeleweka, tundu limeibana tyubu hakuna nafasi ya uchafu kukaa. Vifo vya moja kwa moja havikuonyesha tofauti ya wazi. Ila kwenye kusinyaa kwa trakea kuwa mgumu kuamini, maana wagonjwa wengi wa ICU (wodi ya mahututi) wanafariki kwa ugonjwa uliowaleta, na wanaorudi kupimwa ni wachache, tena mara nyingi wale wanaokoroma au kuishiwa pumzi. Uliza wangapi walichunguzwa kwa kamera baada ya miezi, sio wangapi walilalamika. Na presha ya kafu (puto la kwenye tyubu linaloziba trakea) je, walikuwa wanaipima? Ikizidi sentimita 30 za maji inabana damu ya utando, na hilo halijali ulikata au ulitanua.

Watoto wadogo na trakeostomi za dharura ziache nje ya jedwali hili, zina hesabu zao.