Somo: Kuandaa msimbo chanzo wa keneli kwenye Linux

Kabla hujapakua chochote, fungua terminali uandike:

uname -r

Utapata kitu kama 6.8.0-45-generic. Hilo ndilo toleo la keneli, yaani kiini cha mfumo, inayoendesha mashine yako. Liandike pembeni. Matatizo mengi ninayoulizwa kuhusu keneli yanatokana na mtu kuandaa msimbo wa toleo moja huku mashine inaendesha lingine.

Sasa jiulize unataka nini hasa. Kama ni draiva ya waifai inayogoma, au programu ya mashine pepe inayolalamika kwamba haioni keneli, huhitaji msimbo wote. Unahitaji heda tu, yaani faili za .h pamoja na vijifaili vya kujengea moduli (vipande vya keneli, kama draiva, vinavyoingizwa vinapohitajika). Naona watu wanakesha wakikompaili keneli nzima (kuugeuza msimbo kuwa programu) kumbe shida yao ilikuwa ya dakika mbili. Kwa Debian na Ubuntu:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)

Kwa Fedora:

sudo dnf install kernel-devel-$(uname -r)

Halafu hakikisha:

ls -l /lib/modules/$(uname -r)/build

Hicho "build" ni kiungo tu. Kinaelekeza kwenye folda ambayo draiva itakwenda kuzisoma heda. Terminali nyingi hukionyesha kwa rangi nyekundu kama kinaelekeza pasipo na kitu, na hapo ujue heda hazijaingia. Kikiwa kizima, somo lako limeishia hapa.

Wanaotaka kuibadili keneli yenyewe, kuijaribu, au kujifunza ilivyoundwa, tuendelee.

Hatua ya 1: Vifaa na nafasi

sudo apt install build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev libncurses-dev dwarves

Tenga nafasi ya kutosha kwenye diski. Ukitumia mipangilio ya Ubuntu au Debian kama ilivyo, pamoja na taarifa zake za utatuzi (za kutafutia hitilafu), folda inaweza kupita GB 20 kazi ikimalizika.

Hatua ya 2: Mahali pa kuweka

Weka ndani ya folda yako ya nyumbani, na ufanye kazi kama mtumiaji wa kawaida. sudo tutaihitaji mwishoni tu. Usifungulie kwenye /usr/src/linux, maelekezo ya keneli yenyewe yanakataza.

Jina la folda nalo lina masharti. Ukiiita "Kazi Zangu", make, programu inayoendesha ujenzi, itakataa papo hapo, kwa sababu haitaki nafasi wala nukta mbili kwenye njia ya folda. Na usitumie flashi yenye mfumo wa exFAT. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa kubana nafasi, tar (programu ya kufungua mzigo) ikanimwagia makosa ya "Operation not permitted". Msimbo wa keneli una viungo kama kile cha "build" ndani yake, na exFAT haivijui. Isitoshe, kuna faili mbili, xt_TCPMSS.h na xt_tcpmss.h, zinazotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu. Kwenye exFAT hizo ni jina moja, kwa hiyo moja inaifuta nyingine.

Hatua ya 3: Kupakua

mkdir ~/keneli && cd ~/keneli
wget https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.12.tar.xz
wget https://cdn.kernel.org/pub/linux/kernel/v6.x/linux-6.12.tar.sign

Nimechagua 6.12, iliyotoka Novemba 2024, kwa kuwa ni ya matunzo ya muda mrefu. Wewe chukua marekebisho yake ya karibuni kabisa, utayaona ukurasa wa kwanza wa kernel.org. Ile faili ya .sign ni sahihi ya kuthibitisha kwamba mzigo haujachezewa. Sahihi hiyo imewekwa juu ya .tar, siyo .tar.xz, ndiyo maana tunafungua mgandamizo kwanza:

xz -cd linux-6.12.tar.xz | gpg --verify linux-6.12.tar.sign -

Lazima uwe umeshaingiza funguo za watunzaji. Maelekezo yake yapo kernel.org. Kisha:

tar xf linux-6.12.tar.xz
cd linux-6.12

Hatua ya 4: Mipangilio

Hapa usikimbie. Usianze na make menuconfig (menyu ya kuchagua mipangilio) kwenye ukurasa mtupu, utapotea kati ya maelfu ya maswali. Azima mipangilio ya keneli inayofanya kazi sasa hivi:

cp /boot/config-$(uname -r) .config
scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""
scripts/config --set-str SYSTEM_REVOCATION_KEYS ""
scripts/config --set-str LOCALVERSION "-somo"
make olddefconfig

Mistari miwili ya funguo ni kwa ajili ya Ubuntu na Debian. Mipangilio yao inataja vyeti ambavyo wewe huna, na usipoifuta kazi itakatika katikati ikidai haijui kutengeneza faili ya .pem. LOCALVERSION inaongeza mkia kwenye jina, ili keneli yako isichanganyike na ya mfumo.

Ukitaka kazi iwe fupi, endesha make localmodconfig baada ya hapo. Inabakiza moduli zinazotumika muda huo tu. Kwa hiyo chomeka kwanza kila kitu unachotumia: printa, kamera, flashi. Kisichochomekwa kinaweza kukosa draiva, halafu utaanza kusema keneli mpya ni mbovu.

Hatua ya 5: Kujenga na kusimika

make -j$(nproc)
sudo make modules_install INSTALL_MOD_STRIP=1
sudo make install

INSTALL_MOD_STRIP inaondoa taarifa za utatuzi kwenye moduli. Bila hiyo, initramfs (faili inayoisaidia mashine kuanza kuwaka) inaweza kuvimba mpaka ijaze /boot. Zima, washa, chagua keneli mpya kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujawaka. Ile ya zamani usiiguse, ndiyo mlango wako wa kurudia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, apt inasema haioni linux-headers za toleo langu. Nimeandika vilevile ulivyoandika.

Jibu: Mara nyingi keneli unayoendesha imeshaondolewa kwenye hazina (mahali apt inapopakua). Fanya sudo apt full-upgrade, washa upya, kisha rudia. uname -r itakuwa imebadilika.

Swali: Moduli yangu imejengwa vizuri ila ikiingizwa inasema "Invalid module format".

Jibu: Linganisha modinfo -F vermagic ya moduli yako (toleo ilikojengewa) na uname -r. Hata mkia ukitofautiana, keneli inaweza kuikataa. Sababu kamili utaikuta kwenye sudo dmesg | tail.

Swali: Mimi ni "Key was rejected by service". Heda ninazo, toleo ni lilelile.

Jibu: Hiyo ni Secure Boot, ndugu. Moduli haina sahihi inayotambulika. Ama uisaini kwa ufunguo wako na kuusajili kwa mokutil, ama uizime Secure Boot kwenye mipangilio ya BIOS. Nakushauri ya kwanza.

Swali: Kaka, ujenzi unakufa katikati, naona neno "Killed" tu.

Jibu: RAM imeisha. Tumia make -j2 badala ya nproc. Kilichokwisha jengwa hakirudiwi, kitaendelea pale kilipoishia.

Swali: Nimeona make modules_prepare mahali. Si inatosha kuliko kujenga yote?

Jibu: Inatosha kwa kiasi. Haitengenezi Module.symvers, na bila faili hiyo moduli za nje hazina pa kuangalia matoleo ya alama za keneli (majina ya kazi zake zinazotumiwa na moduli). Kama ni hizo unazojenga, jenga yote au tumia heda.

Swali: Nimemaliza, inawaka vizuri. Naweza kufuta ile folda? Imekula diski yote.

Jibu: Keneli itaendelea kuwaka, ila kile kiungo cha "build" kitabaki kinaelekeza hewani, na draiva ya nje ukiitaka itagoma. Kama ungetumia make bindeb-pkg ungepata .deb ya heda pembeni, ukaisimika, ukafuta folda kwa amani. Bado hujachelewa, endesha hiyo kwanza ndipo ufute.