Kabla ya Jembe la Kwanza: Bustani ya Shule na Mtaa mjini Lubumbashi

Kabla hamjawaita wanafunzi na wajitolea wa mtaa waje na majembe, hakikisheni kwamba ruhusa ya kiwanja imeandikwa. Sheria ya ardhi ya Kongo, ya Julai 1973, inaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo neno la mdomo la prefe, yaani mkuu wa shule, hata akiwa mtu mwema, halitoshi. Barua itiwe sahihi na shule, kamati ya wazazi na shefu wa mtaa, na kila upande ubaki na nakala yake.

Zamu za kumwagilia zipangwe mapema. Kiangazi chetu hushika kuanzia Mei hadi Septemba, na likizo kuu huangukia Julai na Agosti, yaani wanafunzi huondoka wakati uleule mboga zinapohitaji maji asubuhi na jioni. Andikeni majina ya watu wazima watakaobaki. Ua dhidi ya mbuzi na kuku, stoo yenye kufuli: hayo mnayajua.

Jambo ambalo wengi hulipita ni udongo wenyewe. Mji huu umeyeyusha shaba tangu mwaka 1911, na kwa miongo mingi upepo wa kusini-mashariki uliusukuma moshi wa tanuri kuelekea mitaa ya kaskazini-magharibi, ukaacha ardhini shaba, zinki, kadmiamu na madini ya risasi. Metali hizo haziozi. Zimekaa juu, palepale jembe linapofika. Niliwaona wazazi wa shule moja ya upande huo wakipewa kiwanja kikubwa bila malipo, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakikuwa na nyasi ya maana katika mji ambao watu hulima hata kando ya barabara. Wakapanda lengalenga na matembele. Miche ikageuka manjano, ikadumaa. Wakadhani udongo umechoka, wakaongeza samadi, na kwa kuwa samadi nyingi hupunguza makali ya shaba, baadhi ya matuta yakanawiri. Hapo ndipo hatari ilipozidi, maana jani la kijani halionyeshi risasi iliyomo. Watoto wakachuma, wakapeleka nyumbani, mama zao wakapika. Mwalimu mmoja alipopeleka udongo kupimwa, jibu lilirudi baya, na kamati ikalazimika kuwaita wazazi na kuwaeleza watoto wao walikuwa wamekula nini. Msimu uliofuata hakuna mzazi aliyekubali kumtoa mtoto wake, hata kwa kiwanja kingine kilicho salama.

Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo, naye huyameza pia kwa mikono yenye udongo. Kuosha mboga huondoa vumbi la juu, si kile ambacho mzizi umekwisha kukivuta. Kwa hiyo chukueni udongo wa sentimita 20 za juu katika pembe kadhaa za kiwanja, uchanganyeni, mwende kuuliza kipimo katika Kitivo cha Sayansi za Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho watafiti wake wameuchunguza uchafuzi huu kwa miaka mingi. Jibu likiwa baya, hameni. Ikishindikana, inueni matuta yenye udongo safi ulioletwa kutoka mbali, juu ya turubai nzito. Chokaa na mboji huzuia mmea usivute metali nyingi, lakini haviziondoi, na mtoto atazidi kuzishika.

Maji nayo yaulizwe yanatoka wapi, hasa ya mito inayopokea maji machafu ya viwanda. Dawa za wadudu zishikwe na watu wazima peke yao. Magunia yaliyobeba madini yasibebe samadi wala mboga, na ndoo zilizokuwa na rangi au dawa zisitumike kumwagilia, hata zikiwa zimeoshwa.